Ikilia, Utafanya Nini? Hotuba kuhusu kupanga tahadhari za sukari kwenye simu

Hotuba hii ilitolewa mbele ya watu wanaoishi na kisukari na jamaa zao. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, na ninyi wengine wote, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo mtu hulifanya mara moja tu, siku anapoweka programu kwenye simu, halafu halirudii tena mpaka yamfike ya kumfika. Ni kupanga tahadhari za sukari.

Naomba niulize. Wangapi hapa wamevaa kihisi, kile kifaa kidogo cha kubandika kwenye ngozi kinachopima sukari na kuipeleka kwenye simu, mkononi au tumboni sasa hivi? Asanteni, shusheni. Wangapi kati yenu mnajua, bila kufungua simu, kwamba italia sukari ikifika ngapi? Naona mikono imepungua. Na wangapi mmewahi kuzibadilisha namba hizo tangu siku ya kwanza? Haya. Leo nazungumza na wale ambao mikono yao imebaki chini, na ninyi ndio wengi.

Kazi yangu ni uuguzi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukaa na mtu, simu yake iko mezani, tunapekua mipangilio pamoja. Simwulizi kwanza amepanga namba ngapi. Namwuliza: ikilia, utafanya nini? Akiwa na jibu, tahadhari hiyo tunaiacha. Akisema, "Aah, naangalia tu," basi hiyo tunaibadilisha au tunaizima. Yote nitakayosema leo yanatoka kwenye swali hilo. Ikilia, utafanya nini?

Tuanze na sukari kushuka, kwa sababu huko ndiko mtu anaweza kuishiwa nguvu na fahamu huku wenzake wanamwangalia. Wataalamu wa kimataifa wamekubaliana kwamba chini ya 70, yaani miligramu kwa desilita ya damu, sukari imeshuka. Kwa wanaosoma kwa milimoli, hiyo ni 3.9. Chini ya 54, yaani 3.0, imeshuka kwa kiwango cha hatari na inabidi uchukue hatua papo hapo. Programu nyingi huja zikiwa zimepangwa 70 tayari, na baadhi zina mlio wa dharura kwenye 55 ambao hata ukitaka kuuzima hauzimiki. Mtu anaiona 70, anasema sawa, anabonyeza "endelea", yamekwisha.

Sasa tupige hesabu. Kile kihisi hakipimi damu. Kinapima majimaji yaliyo katikati ya seli chini ya ngozi, na majimaji hayo huchelewa nyuma ya damu kwa dakika kadhaa, tano, pengine kumi, hasa sukari inapokwenda mbio. Tuseme sukari yako inashuka kwa 2 kila dakika. Kutoka 70 hadi 54 ni 16. Gawa kwa mbili: dakika 8. Na sisi tunawafundisha kwamba ukishuka, unakula gramu 15 za sukari inayoingia haraka, unasubiri dakika 15, unapima tena. Dakika 8 kwa dakika 15, jamani, nani anafika kwanza? Na hapo bado hatujaongeza ule ucheleweshaji wa kihisi. Ndiyo maana nawaambia muitazame mishale, ile iliyo kando ya namba inayoonyesha sukari inaelekea wapi. 75 yenye mshale uliolala ni jambo moja. 75 yenye mshale unaotazama chini moja kwa moja ni jambo jingine kabisa, ingawa namba ni ile ile.

Nina mgonjwa mmoja, fundi, kazi yake ni juu ya ngazi kutwa nzima. Ana kisukari aina ya 1 kwa miaka mingi, na kama inavyowatokea wengi waliokaa nacho muda mrefu, dalili zimemwacha. Hatetemeki, hatoki jasho, moyo haumwendi mbio. Zamani mwili ulimwonya. Siku hizi anaonywa na simu tu. Yeye tulimpandishia tahadhari ya chini hadi 85. Alirudi akiwa na hasira. "Sista, hii kitu inalia mno." Nikamwuliza swali letu. Ikilia, unafanya nini? Akafikiri, akasema, "Nashuka kwenye ngazi." Nikamwambia basi tuiache hapo hapo. Ameiacha.

Msije mkatoka hapa wote mmepanga 85! Yule anayetumia vidonge vya metformin peke yake sukari yake haishuki hivi hivi. Kumwamsha saa tisa usiku kwa sababu amefika 78 ni kumnyima usingizi bure. Anayetumia insulini, au vidonge vya jamii ya glibenclamide, vinavyoweza kuishusha sukari kupita kiasi, hesabu yake ni nyingine. Mzee anayeishi peke yake, hesabu nyingine. Kwa wazee, wataalamu wanashauri muda wa kuwa chini ya 70 usizidi asilimia 1 ya siku, wakati kwa watu wazima wengine wanavumilia hadi karibu asilimia 4. Mjamzito naye ana kiwango chake, kati ya 63 na 140, chembamba kuliko cha mtu mwingine yeyote humu ndani. Namba utakayopanga uizungumze na anayekutibu, na umpelekee grafu ya wiki mbili aione kwa macho yake.

Kuna jambo moja la usiku nataka mlijue, maana linawagombanisha watu na vihisi vyao. Umelala ubavu, kihisi kiko kwenye mkono huo huo uliolalia. Uzito wa mwili unabana pale mahali, majimaji hayatembei vizuri, na simu inalia: 52! Unaruka, unakula sukari, asubuhi uko 260. Ukitazama grafu utaiona: mstari umekwenda vizuri, ghafla umeporomoka wima, halafu baada ya kujigeuza umerudi pale pale ulipokuwa. Sukari ya kweli mara nyingi haiendi hivyo. Kwa hiyo ikilia usiku na mwili wako hauna dalili, jigeuze, toboa kidole, pima damu. Lakini kama dalili zipo, au huna kipimo karibu, kula sukari kwanza. Mabishano na mashine yatasubiri.

Na hili nalo, kabla sijasahau. Ndani ya programu kuna mahali pawili panapofanana sana. Pa kwanza ni "kiwango lengwa", yaani pale grafu inapopakwa rangi, kwa watu wengi kati ya 70 na 180. Pa pili ni tahadhari. Ukibadilisha kiwango lengwa, rangi zinabadilika, unafurahi, na simu haitalia ng'o. Mama mmoja alinionyesha grafu yake kwa fahari, ameipanga vizuri kabisa, kijani, njano, nyekundu. Tukaingia kwenye tahadhari: zote zimezimwa. Alikuwa akijua analindwa. Alikuwa anapakiwa rangi tu.

Twende kwenye kupanda. Hapa ndipo watu wanapoharibu, na wanaharibu kwa sababu ya bidii. Mtu amesikia lengo ni chini ya 180, basi anapanga tahadhari ya juu kwenye 180. Au 160, kwa kuwa yeye ni mwanafunzi mzuri. Atakula asubuhi, italia. Atakula mchana, italia. Jioni tena. Ninyi nyote mnajua sukari hupanda baada ya chakula, halafu ikarudi. Sasa simu inakupigia kelele kukuambia kwamba umekula. Hukuwa unajua?

Kijana mmoja kila simu ilipolia alijidunga yuniti mbili tatu. Insulini ya haraka haiishi mwilini saa moja baada ya kuidunga. Hukaa ikifanya kazi saa tatu, nne, hata tano. Akadunga ya chakula, ikalia, akaongeza, ikalia tena, akaongeza. Dozi zikapandana. Kabla ya usiku wa manane simu hiyo hiyo ililia upande wa pili, na ilibidi kaka yake amlishe sukari kwa kijiko. Ikilia, utafanya nini? Yeye jibu alikuwa nalo, tena jibu la haraka. Lilikuwa jibu baya.

Wenzetu wa hospitali walishapita njia hii. Mwaka 2013, Joint Commission, chombo kinachokagua ubora wa hospitali Marekani, kilitoa onyo kuhusu mashine zinazolia wodini. Kilisema kati ya asilimia 85 na 99 ya milio ile haihitaji mhudumu afanye lolote. Mhudumu anazoea. Anapunguza sauti. Anazima. Halafu unakuja ule mmoja wa kweli. Kati ya Januari 2009 na Juni 2012 kilikuwa kimepokea taarifa za matukio 98 yanayohusiana na milio hiyo, na 80 kati yake yaliishia kwa kifo. Hao ni watu waliosomea kazi, wanalipwa wakae macho. Wewe uliyelala na uchovu wako utafanyaje?

Ninachopendekeza kwa anayeanza ni tahadhari ya juu kwenye 250, ambayo ni 13.9, na kama programu yako inaruhusu kuichelewesha, iambie isilie mpaka sukari ikae juu kwa muda fulani. Ikilia hapo ina maana. Umesahau insulini? Mrija wa pampu ya insulini umeziba? Unaumwa? Kwa mwenye aina ya 1, ikikaa juu ya 250 na mwili haujisikii vizuri, pima ketoni, zile asidi zinazojaa mwilini insulini inapokosekana, usingoje kesho. Ukizoea, na ukiona hailii mara kwa mara, shusha hadi 220, halafu 200. Unashuka taratibu kadiri sukari yenyewe inavyotulia. Zile tahadhari nyingine, za kupanda haraka na kushuka haraka, anza bila ile ya kupanda. Ya kushuka haraka iache kama unadunga insulini.

Sasa nafika mahali ambapo ningekaa siku nzima kama mwenyekiti angeniruhusu. Simu yenyewe.

Umepanga namba vizuri. Chini sawa, juu sawa. Je, simu itakubali kulia? Mnajua kwamba kihisi cha FreeStyle Libre ya kwanza, ile iliyotoka Ulaya mwaka 2014, haikuwa na mlio kabisa? Usipoisogelea na kuigusisha kifaa chake, haikuambii kitu. Watu walikuwa wakijua hilo, wakajipanga. Tatizo letu la leo ni kwamba tunaamini vihisi vyetu vinalia, na huenda havilii.

Hili si la kwangu peke yangu. Februari 2025, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tangazo kwa watu wanaotumia vifaa vya kisukari vinavyotegemea simu. Ilikuwa imepokea taarifa za watu waliokosa tahadhari kwa sababu ya mipangilio ya simu, na baadhi walidhurika. Mmoja wa wanaotajwa sana kwenye tangazo lile ni kifaa kidogo kisichoonekana kuwa na hatia: spika za masikioni. Unaziunganisha, unasikiliza, unazivua unaziweka kitandani, hazijakatika. Tahadhari inakuja, sauti inapelekwa huko huko kwenye spika zilizolala juu ya shuka. Wewe uko sebuleni.

Kingine ni masasisho. Simu inajisasisha usiku, mfumo mpya haujazoeana na programu yako, asubuhi ruhusa zimebadilika. Ushauri uliotolewa ni uzime masasisho ya mfumo yanayojifanya yenyewe, usubiri watengenezaji wa programu waseme toleo jipya linafaa, na angalau mara moja kwa mwezi ukague tahadhari zako. Mara moja kwa mwezi, ndugu zangu. Kodi ya nyumba unaikumbuka, hii nayo ikumbuke.

Halafu kuna hali ya "Usinisumbue". Unaiwasha kwa ajili ya ibada au kikao, unasahau. Kwenye iPhone kuna ruhusa maalumu ya tahadhari muhimu, ambayo simu inakuuliza siku ya kwanza tu; ukigusa "hapana" kwa haraka, ndiyo basi, mpaka uifuate kwenye mipangilio. Kwenye Android inabidi programu iruhusiwe kuivuka "Usinisumbue", na wakati huo huo iondolewe kwenye vikwazo vya betri, kwa sababu simu nyingi hulaza programu zisizoguswa kwa muda. Wale wa kufagia programu zote kwa kidole ili simu iwe nyepesi, naomba hii msiifagie. Na Bluetooth isizimwe. Na kwenye hali ya ndegeni, iwashe tena Bluetooth kwa mkono.

Kuna mwanamke Mmarekani, Dana Lewis, wengine mmemsikia. Ana kisukari aina ya 1, alikuwa akiishi peke yake, na usingizi wake ni mzito: kifaa chake kilikuwa kikilia usiku yeye haamki. Aliomba mlio mkubwa zaidi, hakuupata. Mwaka 2013 mhandisi mmoja, John Costik, ambaye mtoto wake mdogo ana kisukari, alifanikiwa kutoa data kwenye kihisi cha mwanawe na kuipeleka kwenye intaneti ili aione akiwa kazini. Lewis akatumia njia hiyo kutoa data zake, na kitu cha kwanza alichotaka kilikuwa hicho tu: kelele ya kutosha. Baadaye kazi ile aliyoianza na Scott Leibrand ilikua ikawa mfumo wa kongosho bandia, yaani unaosoma sukari na kurekebisha insulini wenyewe, ambao watu wanajitengenezea. Chanzo chake ni sauti ndogo! Kwa hiyo usione haya kusema, "Mimi haniamshi." Weka mlio mwingine, mkali, ambao hautumii kwa kitu kingine chochote. Weka simu juu ya kitu kigumu, siyo chini ya mto. Kama una saa ya mkononi inayotetema, iunganishe.

Na tahadhari ninayoipenda kuliko zote ndiyo wanayoizima wa kwanza: ya kupotea kwa mawimbi. Inakera, najua. Umeacha simu chumbani, umeingia jikoni, inalia. Lakini fikirini. Simu ikikaa kimya, kimya hicho kinaweza kuwa sukari iko salama, na kinaweza kuwa hakuna anayepima. Utajuaje ni kipi? Vihisi vingi vinashika mawimbi kwa mita sita hivi, vingine kumi, na ukuta au mwili wako wenyewe unaweza kuyazuia. Iache imewashwa. Ikilia, utafanya nini? Utaifuata simu yako.

La mwisho ni watu wengine. Programu nyingi zinakuruhusu uwape jamaa waone sukari yako kwenye simu zao. Jambo jema. Limevunja amani ya nyumba nyingi pia.

Mama mmoja alikuwa na binti wa miaka kumi na mitano. Simu ya mama ilipangwa sawasawa na ya binti, 70. Kwa hiyo zinalia pamoja, na kabla mtoto hajafungua pakiti ya glukosi, mama keshapiga. "Umekula? Umekula kitu?" Darasani, mbele ya wenzake. Mtoto akafanya ambacho kijana yeyote angefanya: akamwondoa mama kwenye orodha. Walipokuja, hawakuwa wakisemeshana. Tukakubaliana hivi: ya binti 75, ya mama 60, tena ya mama ichelewe. Ikilia ya mama, maana yake mtoto hajaitikia, au ameitikia na haijatosha. Hapo mama anapiga, na mtoto ameahidi kupokea. Kama hapokei, mama ana namba ya mwalimu. Kila mmoja alikuwa na jibu la swali letu, na majibu yao yalikuwa tofauti.

Lakini msiegemee mno huko. Mwishoni mwa Novemba 2019 huduma ya Dexcom, kampuni inayotengeneza vihisi, ya kuwaonyesha jamaa ilizimika. Mwenye kihisi aliendelea kuona sukari yake na kupata milio yake. Waliokatika ni wafuatiliaji, wazazi waliokuwa wamelala wakiamini kwamba simu itawaamsha. Njia ile hupita kwenye intaneti na mitambo ya watu. Ya kwako hutoka kwenye kihisi hadi simuni moja kwa moja. Ya jamaa ni ya pili. Isiwe ya kwanza kamwe.

Basi, nimeongea vya kutosha, na dakika zilizobaki sitaki kuzimalizia kwa maneno. Toeni simu, sasa hivi. Fungueni programu, ingieni kwenye tahadhari, siyo kiwango lengwa, kwenye tahadhari. Someni namba ya chini na ya juu, mwambie aliye jirani yako: ikilia hii, nitafanya hivi. Ukikwama, usijaribu kumdanganya, badilisha namba au iandike kwenye karatasi umwulize daktari wako. Kisha tokeni kwenye programu, ingieni kwenye mipangilio ya simu yenyewe, tuangalie ruhusa, sauti na betri. Wenzangu wawili watapita kati yenu, iPhone upande huu, Android upande ule. Mzee wangu pale nyuma, naona unaniashiria kwamba simu ni ya mjukuu. Mwite mjukuu naye aje. Maswali tutajibu huku tunaendelea.